Vitanda Nilivyochora Mchangani

Vijana wangu wa kliniki ya mama na mtoto, mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niandike mambo ya kazi. Saa nimeitundika, ingawa hapa nyumbani Kehancha wanaoniamsha ni ng'ombe. Humu hamtasoma nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Cheo kilichelewa, mshahara ukaisha, na yote mawili mtayaona wenyewe. Nitaandika habari ya kulaza watoto, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote.

Mtu akisikia kwamba mwanamume mzima ameajiriwa kufundisha wanawake namna ya kulaza mtoto, hucheka. Wa kwanza kucheka alikuwa baba yangu, ambaye aliuliza kama serikali imekosa wanawake. Nikamwambia serikali imekosa wauguzi. Alilitafakari jambo hilo mpaka akafa, na sidhani kama aliridhika.

Nilianza katika hospitali moja mjini Migori. Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe lililopigwa pasi hata lingeweza kusimama lenyewe. Wodi ya wanaume ilikuwa imejaa wauguzi, kwa hiyo nikapelekwa kliniki ya watoto, mahali ambapo hakuna mwanamume aliyekuwa ameomba kupelekwa. Msimamizi alikuwa Sista Konsolata. Hakuwa mtawa, wauguzi wa kike wote tuliwaita sista. Alikuwa Mjaluo mnene mwenye sauti ndogo, na akina mama walimtii kwa sababu ilibidi wanyamaze ndipo wamsikie. Alinitazama, akalitazama koti langu, kisha akanikabidhi mtoto wa kitambaa.

Mtoto huyo alimshona mwenyewe kwa shuka kuukuu la wodi. Kiwiliwili alikijaza mchanga wa mto Migori, kichwa akakijaza vitambaa na kukiacha na shingo legevu, kwa hiyo ukimbeba vibaya kichwa kilianguka nyuma na Sista akakupiga kofi la mkononi. Shuka za hospitali zilikuwa na muhuri wa MALI YA SERIKALI, na kwa bahati tu muhuri ule uliangukia kifuani. Basi tukamwita Mali. Nimefanya kazi na Mali kuliko na daktari yeyote.

"Mlaze," Sista aliniambia siku hiyo.

Nikamlaza ubavu, kama tulivyofundishwa chuoni. Wakati huo ndivyo tulivyowaambia akina mama wote. Baadaye yakaja maelekezo mapya: mtoto mchanga alazwe chali, kila anapolala, mchana na usiku, mahali pagumu pasipobonyea, bila mto, uso wazi. Ubavu haufai kwa sababu mtoto hujiviringisha akaishia kifudifudi, na kifudifudi ndiko kulikoonekana kuwa hatari zaidi. Maelekezo huja hivyo, hayana aibu. Sista aliyasoma, akavua miwani, akaona ule muhuri sasa una kazi. Tangu siku hiyo somo letu likawa maneno mawili: muhuri juu. Ukiuona muhuri, mtoto amelala vizuri.

Shida ni kwamba maneno mawili hayamtoshi mama anayejua kwamba mtoto hutapika maziwa. Kila kliniki kulikuwa na mmoja wa kuuliza, na wengine wote walisubiri jibu. Kwa ajili hiyo Sista alikuwa akikata mabua ya majani ya mpapai nyuma ya jiko la hospitali, kwa kuwa yako wazi ndani kama mrija. Alishika mawili pamoja, moja juu ya jingine, akayaweka shingoni mwa Mali. Hili la mbele ni la hewa, hili la nyuma ni la maziwa. Mtoto akilala chali, la hewa liko juu. Maziwa yakirudi yatabidi yapande mlima ndipo yaingie humo. Ukimgeuza kifudifudi, la hewa linakuwa chini, na maziwa yanadondokea ndani bila kazi. Nimewaona madaktari wakilieleza jambo hili kwa picha za rangi na wasieleweke. Mpapai upo mpaka leo nyuma ya jiko. Msiache waukate.

Swali la pili lilikuwa kichwa. Akina nyanya wa pande zetu zote, Wajaluo kwa Wakuria, hawataki mtoto mwenye kisogo bapa. Kwao kisogo bapa ni ushahidi kwamba mama alikuwa mvivu wa kumgeuza. Jibu la hilo si kuwacheka. Mwambie nyanya kwamba mtoto akiwa macho, na mtu akiwa anamtazama, amlaze kifudifudi mkekani acheze na kuinua kichwa. Hapo kisogo kinapumzika na shingo inapata nguvu. Akisinzia tu, arudi chali. Ukimpa nyanya kazi hiyo ya mchana, hatakuibia usiku.

La tatu ni nguo. Mtoto wa ziwani huvalishwa kana kwamba amezaliwa kwenye baridi ya Kinangop. Nimefungua watoto wengi kule, shali juu ya shali juu ya sweta juu ya fulana, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, na ndani kabisa nikamkuta mtoto mwekundu, ameloa jasho, na mama akaniuliza mbona analia. Soko la mitumba Oyugis lina lawama zake hapa. Mtoto wa Homa Bay anahitaji nguo zaidi kidogo tu kuliko wewe unayemtazama, na joto la shali tatu si mapenzi.

Sasa nije kwenye vitanda.

Mtu anaweza kukubali kila kitu kliniki, akarudi nyumbani akamlaza mtoto alivyolazwa yeye. Kwa hiyo Sista alitutuma majumbani. Nyumba ya kwanza niliyoenda peke yangu ilikuwa nje kidogo ya mji wa Migori, na mama mkwe alikuwepo, mtu wa heshima, mwenye maswali mazuri. Nikamwambia, "Basi, mama, tuingie ndani wewe na mimi, unionyeshe kitanda." Mama yule aliinuka akaenda kuangalia kuku ambao hawakuwa na neno lolote.

Mimi ni Mkuria, na nilikuwa mgeni wa mambo yao. Kwa Wajaluo mama haingii chumba anacholala mwanawe na mkewe. Kitanda chao hakioni wala hakitaji. Na mimi, mwanamume, ningeingiaje chumbani kwa mke wa mtu wakati mume hayupo? Hivyo mwenye amri juu ya mtoto hakuweza kukiona kitanda, mwenye elimu hakuweza, na mwenye kitanda, yaani msichana aliyeolewa hapo, hakuwa na ruhusa ya kusema. Kwa kukosa la kufanya niliokota kijiti nikachora mstatili mchangani. "Hiki ndicho kitanda," nikamwambia msichana. "Ukuta uko wapi? Mlango uko wapi? Wewe unalala upande gani?" Akanionyesha. Nikamlaza Mali mahali pake. Mama mkwe akarudi kutoka kwa kuku, akasimama mbali kidogo, akatazama. Mchanga si kitanda, kwa hiyo hakuna mwiko uliovunjwa.

Nilipomsimulia Sista Konsolata alicheka mpaka akajifuta macho, halafu akasema, "Endelea kuchora." Nimechora vitanda tangu siku hiyo. Alipostaafu aliniachia Mali.

Baadaye, kabla ya kurudishwa hapo kwenu Migori, nilihamishiwa kaunti ya Homa Bay, kituo cha afya upande wa Mbita, ambako asubuhi za anga safi tuliona kisiwa cha Takawiri kutoka mlangoni. Huko nilijifunza kuuliza habari ya mwezi. Wavuvi wa omena, yaani dagaa, hufanya kazi kwa taa wakati wa giza, kwa sababu mwanga wa taa ndio unaowaita samaki. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina maana, na wanaume hurudi kulala nyumbani. Hivyo nyumba ya mvuvi ina vitanda viwili katika kitanda kimoja. Kuna kitanda cha giza, cha mama na mtoto, na kuna kitanda cha mbalamwezi, ambacho mume naye amo, amechoka, na pengine amepitia kwa wauza pombe. Ukiuliza tu "mtoto analala wapi," utajibiwa cha giza.

Hapo ndipo nilipokutana na Akoth. Alikuja kliniki na mama mkwe wake, Mama Dorsila, ambaye kila mtu alimwita Dani, yaani nyanya. Mtoto, msichana wa wiki chache aitwaye Achieng, alikuwa amebebwa na Dani. Akoth alifuata nyuma mikono mitupu, na mbele ya blauzi yake kulikuwa na madoa mawili ya maziwa. Nilimweka mtoto kwenye mizani. Hakuwa ameongezeka kama inavyotakiwa.

"Analala wapi?" nikauliza.

"Kwangu," Dani akajibu. Alikuwa mfumaji wa mikeka ya mafunjo, na Kiswahili chake alikitoa sokoni. "Usiku akilia sana, naita huyu anakuja kunyonyesha."

"Anatoka nyumba yake anakuja yako?"

"Kwani ni mbali? Ni hapo tu."

"Na unamlaza vipi?"

"Kwa tumbo. Kama vile nililaza baba yake, na baba yake ni mtu mzima, ana nguvu ya kuvuta nyavu."

Nikatoa Mali, nikatoa mabua ya mpapai. Dani alitazama kila kitu kwa adabu, kisha akanigeuzia jicho moja. "Daktari, wewe ni Mkuria?"

"Ndiyo, mama."

"Mambo ya ndama naweza kusikia kwako, nyinyi ni watu ya ng'ombe. Lakini ya mtoto? Mlituambia ubavu. Nilikuwa hapa, sista mwenyewe alisema ubavu. Leo ni chali. Kesho mtasema tuning'inize mtoto kama popo."

Akina mama walicheka, na mimi pia. Nilimwambia ni kweli tulisema ubavu, na sasa tunajua zaidi, na tukijua zaidi tena tutakuja kusema tena. Dani alipotoka kwenda kumsalimia mtu kwenye dirisha la dawa, Akoth alinisogelea haraka, akasema kwa sauti ya chini.

"Daktari, mimi nilikuwa na mtoto wa kwanza. Mvulana. Niliamka asubuhi nikampata amekufa. Wanasema nilimlalia." Alimtazama Dani kupitia mlangoni. "Ndiyo maana huyu wamechukua. Wanasema wakiniachia nitaua na huyu. Wewe umesoma. Niambie tu kama nilimuua."

Ningeweza kusema hapana. Wengi wenu mngesema hapana, na mioyo yenu ingekuwa safi. Nilimwambia, "Sijui." Mtoto huweza kufa usingizini kwa kubanwa, na huweza kufa bila mtu yeyote kumgusa, na mara nyingine hakuna daktari duniani anayeweza kusema ni ipi. Nilimhurumia sana yule msichana. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei, akarudi kwenye benchi. Nikamwambia Dani nitakuja kuwatembelea.

Nilienda kwa boda boda asubuhi ya mwezi mwandamo, Odhiambo, mume wa Akoth, akiwa bado ufukweni akianika omena. Boma lilikuwa limefagiwa vizuri, mistari ya ufagio ikionekana. Dani alikuwa chini ya paa la jikoni akifuma, na Achieng yuko kando yake juu ya tandiko, kifudifudi, macho yamefumba, mto chini ya kifua. Nilimgeuza kwanza, ndipo nikasalimu. Dani aliguna.

Akoth alitoka nyumbani kwake. Nikaomba kijiti, nikaanza kuchora kama alivyonieleza.

"Hiyo ni nini?" Dani akauliza.

"Kitanda cha Akoth."

Akanipa mgongo. "Mimi siwezi kuangalia kitanda ya mtoto yangu, daktari. Hata wewe unajua."

"Mama, huu ni mchanga."

Alikaa na mgongo wake muda wa kutosha mimi kumaliza ukuta na mlango. Halafu akageuza kichwa, halafu bega, halafu akaja mwenyewe. Lakini hakukanyaga mistari. Aliuzunguka mchoro wote kwa nje, akiinua gauni kidogo, mpaka akasimama upande wa miguuni. Nimemwona mtu akitembea hivyo pembeni mwa kisima kisicho na kifuniko.

Kilikuwa kitanda cha futi tatu na nusu, kimesukumwa ukutani, neti moja juu yake. Nilimpa Akoth yule Mali nikamwambia anionyeshe alivyokuwa akimlaza mtoto. Alimweka upande wa ukuta. "Hapa. Mimi niko huku nje, ndiyo niamke mapema."

"Hivyo ni wakati wa giza?"

"Ndiyo."

"Na mwezi ukiwa mkubwa?"

Lilikuwa swali langu la kila nyumba. Sikuwa na hila yoyote. Akoth akachukua kijiti mkononi mwangu, akachora mstari mrefu kando ya ukuta. "Baba Achieng analala hapa." Akachora mwingine ukingoni. "Mimi hapa." Akamchukua Mali akamweka katikati. Ilibidi ambane ndipo aenee. Mistari miwili ile ilimgusa huku na huku.

Dani alitazama. Wafumaji wa mikeka husoma mistari kuliko watu wengine, na huyu aliisoma zaidi ya nilivyotaka aisome. Aliutazama mmoja, akautazama mwingine, akarudi kwenye ule wa ukutani.

"Yule wa kwanza," akasema. "Siku hiyo mwezi ilikuwa aje?"

Akoth alikuwa bado amechuchumaa. "Ilikuwa kubwa, mama."

"Odhiambo alikuwa nyumbani?"

"Alikuwa."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna mtu aliniuliza."

Nikaona nimefungua mlango ambao sikuja kuufungua. Nikasema upesi kwamba mchoro unaonyesha watu walilala wapi, hauonyeshi nini kilimuua mtoto. Kwamba yawezekana hakuna aliyemlalia kabisa, si mama, si baba. Nilisema hivyo kwa sababu ni kweli. Dani aliinua kiganja.

"Nyamaza kidogo, nyathina," akaniambia. Nyathina ni mwanangu, na alikuwa hajawahi kuniita hivyo.

Alienda kando ya jiko akachukua ufagio. Kabla hajaanza nilimtoa Mali katikati, nikachora mstatili mdogo nje ya kitanda, upande wa Akoth, nikamlaza humo chali, muhuri juu. Nilitaka angalau jibu libaki mahali waweze kuliona. Dani akainama akaanza kufagia. Alianza na ule mstari wa ukutani. Akaufuata wa pili, akafuta ukuta, mlango, kichwa cha kitanda na miguu. Sasa alikanyaga popote. Alipofika kwenye mstatili mdogo aliuzunguka, kwa sababu kuna mtoto amelala, na hakuna mwanamke wa kwetu anayemfagilia mtoto vumbi.

Odhiambo aliingia langoni wakati huo, kijana mrefu, magamba ya omena yakimetameta mikononi.

"Mama, si ulifagia asubuhi?"

"Takataka tu."

"Na huyu?" Alikuwa akimtazama Mali, peke yake katikati ya uwanja.

"Huyo ni wa serikali," Dani akasema. "Usimguse."

Odhiambo alipokuwa ameingia ndani, Dani aliondoa jasho usoni kwa leso, akamchukua Achieng, akavuka uwanja akampa Akoth. Hakuomba msamaha, na sikumsikia akifanya hivyo baadaye. Alisema tu, "Atalala kwako. Nyonyesha huyu mtoto, anakonda." Akoth alimpokea, akageuka upesi kuelekea nyumbani kwake, akifungua vifungo vya blauzi huku akitembea.

Dani alinisindikiza mpaka barabarani. "Mimi siwezi kuongea na mtoto yangu maneno ya kitanda," akasema. "Hata nikitaka. Wewe ni mtu wa nje, hata ni Mkuria, mdomo yako haifungwi na kitu. Mwambie afanye kitu ndogo ya huyo mtoto kulala. Hiyo tu. Hii ingine tumefagia."

Nikamfuata Odhiambo ufukweni kesho yake. Nilimweleza kama ninavyomweleza baba yeyote: kitanda kidogo cha mtoto, kimo sawa na chao, sakafu ngumu, mkeka juu yake, bila mto, bila shali la ziada, kisogezwe karibu kiasi cha mkono wa mama kufika, na neti iwe kubwa iwafunike wote bila kugusa uso wa mtoto. Mtoto alale chali. Alisikiliza huku akikunja wavu. Kulikuwa na mtumbwi uliooza pale, akaenda akaugonga mbao zake moja moja kwa kidole.

"Hizi nikipiga randa zitafaa," akasema. "Chali tu?"

"Chali tu."

"Niweke upande gani?"

Nikamwambia upande wa mama, kwa ajili ya kunyonyesha.

"Ndiyo," akasema. Aling'oa msumari wenye kutu, akauangalia. "Huko. Mbali na mimi."

Sikumuuliza kitu. Naandika haya kwa ajili yenu mtakaodhani kwamba watu hawajui mambo mpaka tuwaambie. Kijana yule alikuwa amebeba lake tangu mwezi ule wa mtoto wa kwanza, na mkewe alikuwa amebeba la kwake, chini ya neti moja.

Kitanda kilikamilika, na juu yake kukawa na mkeka mdogo wa mafunjo uliofumwa kwa kubanwa sana, mgumu kama ubao, kazi ya mkono wa Dani. Chumba chenyewe hakuingia. Mizani ya kliniki ilianza kupanda. Kila walipokuja, Akoth ndiye aliyembeba mtoto, na Dani alitembea nyuma mikono mitupu akipima kisogo cha Achieng kwa kiganja, na kila mara aliniambia bado ni cha mviringo kwa sababu anamlaza kwa tumbo mchana akiwa macho, kana kwamba wazo hilo ni lake. Nilimwachia. Ikafika siku nikachelewa kufika kliniki, nikamkuta amemshika Mali mbele ya benchi la akina mama wadogo, akiwagombeza kwa Kijaluo. Neno pekee la Kiswahili nililolisikia lilikuwa muhuri.

Achieng sasa anakwenda shule. Ana dharau za mtoto aliyelelewa na nyanya, na kisogo kizuri.

Mali nimewaachia kabatini, rafu ya chini. Mchanga umevuja kidogo begani, mshoneni, na muhuri umefifia, lakini ukimweka karibu na dirisha unasomeka. Muende majumbani. Chukueni kijiti, choreni kitanda, ulizeni habari ya mwezi. Ukishamaliza usichore tena na usieleze zaidi. Mwenye boma akichukua ufagio, mpishe, ila hakikisha mtoto amelala mahali ambapo ufagio utamzunguka.